Chanjo ya Nyoka

Juzi nilirudi Matiri, na kabla sijamaliza chai, mtoto wa kaka yangu akanionyesha simu: kijana kajivika nyoka wa porini shingoni, watu wanampigia makofi. Husemwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuumwa, lakini mwenzangu, niliruka hadi chai ikamwagika.

Kama hukukulia milimani kwetu, nikueleze kazi ya ngoro. Wanaume hufyeka majani, yakikauka huyapanga miraba mteremko mzima, kisha akina mama huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo, maharage yakapandwa juu yake; shimo linalobaki katikati ndilo ngoro. Sisi watoto tulisomba majani. Yalinukia vizuri, na mchana tulikula makande yaliyopoa, tumekaa ukingoni mwa shimo. Shida ni kwamba kifutu, nyoka mnene mwenye sumu, naye huyapenda majani makavu. Kwa hiyo bibi alitupanga wawili wawili: mmoja anatangulia kugonga kwa fimbo, mwingine anafuata kukumbatia. "Dawa ya nyoka ni macho," alizoea kusema.

Jirani yetu alikuwa na dawa nyingine. Alikamata nyoka kwa mkono mtupu, akatutishia nao hadi tukapiga mayowe, akajigamba kwamba hawamwumi kwa sababu amechanjwa. Jumapili moja, bibi akiwa bado kanisani, mimi na dada tukamwomba atuchanje na sisi. Akatuchanja chale kwa wembe juu ya viganja, akasugua unga mweusi. Iliwasha kama pilipili. Tulirudi nyumbani vichwa juu, hakuna wa kututisha.

Kesho yake shambani, zamu ya kugonga ilikuwa yangu. Fimbo nikaitupa. Ya nini tena? Dada akainama, akakumbatia majani, nami nikasikia pumzi ndefu, kama ya mtu anayepuliza moto. Kisha dada akasema kwa sauti ndogo, "Mama."

Mkono ulivimba tukiutazama. Jirani akaja mbio na wembe wake, bibi akasimama mbele yake. "Usimguse mjukuu wangu!" Akamlaza dada, akamkataza hata kuinua kichwa, wanaume wakambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Nilikimbia nyuma yao nikilia, nina hakika dada anakufa na mimi ndiye niliyemuua. Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku nilipojifungua.

Alipona, ila vidole viwili vilikatwa. Sasa bibi hayupo, jirani hayupo, na mteremko ule umejaa mibuni. Ngoro zetu zimefukiwa zote. Jioni ile ya juzi nilimkuta dada anachambua maharage kwa mkono wake wa vidole vitatu, na kwa mara ya kwanza nikamwomba msamaha kwa ajili ya fimbo. Hakuinua hata macho.

"Mdogo wangu," akasema, "zamu ingekuwa yangu, nami ningeitupa."