Bunduki ya Mlango wa Jikoni

Delmar Skaggs aliuza magodoro mjini Casper, jimbo la Wyoming huko Marekani, mpaka alipostaafu, na maisha yake yote hakuwahi kuua kitu kikubwa kuliko panya, tena kwa mtego. Lakini kila Jumamosi alivaa kofia pana na kizibao cha ngozi, akaenda kiwanja cha shabaha kuwa Radi ya Wyoming. Klabuni kwao ndiyo desturi: jina la nyumbani unaliacha garini. Daktari wa meno huko anaitwa Mchungaji Baruti, na wazee wenye vitambi na vidonge vya presha mfukoni wananuniana kwa sababu ya sahani za chuma wanazozilenga, nani kaziliza upesi zaidi.

Bunduki zao ni zile za kizamani zenye wenzo chini: unausukuma, unaurudisha, ganda linaruka na risasi nyingine inaingia. Risasi zenyewe ni za bastola, fupi, hazikupigi teke begani. Delmar alijaza bunduki hizo ukuta mzima, akazipaka mafuta kuliko alivyowahi kumsugua mkewe mgongo.

Mkewe, Ione, alikuwa na moja tu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, mfugaji kondoo. Ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, kitako kimechubuka, ikiwangoja koyote, wale mbwa wa nyikani wanaonyemelea mazizi kondoo wanapozaa. Mwaka huo Ione alikuwa na wana-kondoo yatima nyuma ya nyumba, anawanywesha kwa chupa, na koyote mmoja alishawanusa.

Jumamosi moja alfajiri akamwona ndani ya uzio. Akachukua bunduki, akakoki, akalenga. Tik. Akakoki tena. Tik. Koyote akamtazama kama mgeni anayengoja chai, akamkamata kondoo mmoja shingoni, akaenda zake.

Ione akaiokota risasi iliyoruka bila kulipuka. Fataki yake, kile kitufe cha nyuma kinachogongwa na nyundo ya bunduki, ilikuwa na alama ndogo kama ya ukucha.

"Delmar! Umeifanya nini bunduki ya baba?"

Delmar akatokea na suruali ya kulalia. "Nimeilainisha tu, mpenzi. Nimelegeza skrubu ya springi ya nyundo. Sasa wenzo unausukuma kwa kidole kimoja! Nilitaka kwenda nayo leo, Mchungaji Baruti afe kwa wivu."

"Nyundo yenyewe sasa haiui hata nzi!"

"Ni hizo risasi zako, fataki zake ngumu. Sisi tunatumia laini. Ungeniuliza..."

"Nikuulize? Nimwambie koyote asubiri kwanza, mume wangu anaoga?"

"Klabuni wote wanafanya hivyo."

"Klabuni mnaua sahani, Delmar. Sahani hazili kondoo."

Ione akatoa bisibisi kwenye droo ya vijiko, akaikaza ile skrubu mpaka ikagoma. "Ameonja, atarudi leo leo. Umelegeza wewe, utalinda wewe."

"Leo kuna mashindano! Mshindi anapewa bizimu ya fedha ya mkanda!"

"Utaifungia nini? Hiyo suruali ya kulalia?"

Basi Delmar akavaa mavazi yake ya Radi, akaketi juu ya ndoo kando ya zizi, bunduki mapajani. Jua halijapanda sana, koyote huyo, hana haya. Delmar akasimama. Mkono uliozoea ulaini ukausukuma wenzo nusu ya njia, ukaurudisha. Akavuta triga, kimya; risasi haikuwa imeingia. Akasukuma tena kwa pupa, nusu tena.

"Toka hapo!" Ione akatoka jikoni mbio, akamnyang'anya, akausukuma wenzo hadi mwisho, akafyatua. Koyote akalala palepale.

Delmar akaiweka kofia sawa. "Tumempata."

Ione akairudisha bunduki nyuma ya mlango, akatoka na chupa ya maziwa, akamtia mkononi. "Kabla hujaenda kuwa Radi, wanyweshe waliobaki. Na ukiigusa tena ile skrubu, utalala nao hapa zizini."

Delmar alifika klabuni amechelewa, na bunduki ya ukutani, kizibao kinanuka maziwa. Bizimu akaikosa. Lakini aliwasimulia jinsi Radi ya Wyoming alivyomwangusha koyote kwa risasi moja, na wenzake wakampigia makofi bila kumwuliza lolote. Kila mmoja wao ana koyote wake wa namna hiyo.