Nilivyoipaka Mafuta Deki ya Baba Auma

Mnisamehe mwandiko, niliishia darasa la nane.

Jirani yetu hapa Kiandutu, Baba Auma, husafisha deki yake ya kaseti kwa pamba na spiriti, taratibu kama anayeosha mtoto mchanga. Napenda sana kumtazama.

Juzi aliniachia ufunguo akienda kazini. Nikaona kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe ndani ya deki kimekauka. Nikakipaka mafuta ya kujipaka yanayonukia, kama tunavyojipaka kabla ya kanisa.

Jioni aliita wageni wasikie kaseti ya pekee yenye sauti ya marehemu mama yake. Sauti ikayumba, utepe ukanaswa. Akautoa polepole, mzima, kisha akainusa deki.

"Nani ameipeleka mashine yangu kanisani?"

Wageni wakacheka. Akanishika mkono, akaunusa, akanipa pamba.

Mnaojua kutoa mafuta kwenye mpira, niandikieni.