Niliita Redioni, Wakaitikia Amina

"Amina."

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kabla sijaona kitu, maana macho nilikuwa nimeyafumba, na haikutoka redioni, ilitoka nyuma ya mgongo wangu, karibu kabisa, sauti nzito ya mwanamke aliyeridhika, kisha ikafuatwa na nyingine ya mzee, na nyingine tena, amina, amina, na mimi, binti mzima mwenye riwaya moja iliyochapishwa (mama yangu huwa anaitaja hata kwenye foleni ya unga), badala ya kugeuka na kusema hapana jamani, mmekosea, nikaendelea kuita. Aibu yangu iko hapo. Kudhaniwa mtumishi wa Mungu ni jambo linaloweza kumpata yeyote, lakini kudhaniwa hivyo na kuendelea kwa karibu nusu saa, hilo nilijitakia.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni mwendeshaji wa redio ya ridhaa. Watu wengi hudhani nasema utangazaji, kwa hiyo nieleze: una redio ndogo ya kuongelea, betri, na waya mrefu unaoutundika mtini, kisha unawaita watu usiowajua, popote walipo duniani, na anayekusikia anakujibu. Hakuna mtandao, hakuna mnara, ni sauti yako na anga tu. Baba yangu, ambaye hununua viazi Molo na kuviuza Nakuru, alipoelezwa hayo aliniuliza swali moja: "Na simu imeenda wapi?"

Redio yenyewe haikuwa yangu. Klabu yetu ilikuwa na moja tu ya kubebeka, na sisi wageni tuliazimwa kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja. Sharti lilikuwa hili: uende kwenye hifadhi au mahali pa kale, uongee kwa redio na watu kumi ukiwa hapo, kwa siku moja, uwaandike kitabuni. Ukifaulu, unabaki na redio mwezi mwingine. Ukishindwa, Jumatatu unairudisha na anachukua mwenzako. Na mimi nilikuwa nimeipenda ile redio kwa namna ambayo hata mchumba wangu wa zamani hakuwahi kupendwa, nisameheni.

Nilianza kwenye kilima chenye mawe ya kale, pale chini ya mji, nikapata sita na betri ikazima (nilikuwa nimeichaji nusu, nikasema itatosha). Juma lililofuata nikaenda na Baba kwenye ukingo wa msitu juu ya Molo, baridi ikanitafuna vidole, mvua ikaja, nikapata wawili na mafua. Ikabaki Jumamosi moja tu kabla ya Jumatatu ya kurudisha, na mahali pamoja tu moyoni mwangu: Menengai.

Asubuhi ile kreta ilikuwa wazi, ukungu umeondoka, mawe meusi ya volkano yamelala kule chini na uzi mwembamba wa mvuke ukipanda katikati, na mimi juu ya ukingo nikiwa na hakika kwamba sauti ikitoka pale haiwezi kuzuiwa na chochote. Baba alibaki kwenye pikapu, mbali kidogo, akisoma gazeti la wiki iliyopita. Nikatundika waya kwenye mkaratusi, nikaficha redio ndani ya kiondo ili vumbi lisiingie, nikaketi kwenye jiwe katikati ya vichaka vya leleshwa.

Sasa, uamuzi mdogo ulioniponza. Hedifoni zangu zilikuwa zimevunjika upande mmoja na upepo ulikuwa unazivuta, kwa hiyo nikachukua kitambaa cheupe nilichofungia chapati, nikajifunga kichwani, nikakaza vizuri juu ya masikio. Ikatulia kabisa. Hata nilijipongeza.

Mtu yeyote wa Nakuru anajua kwamba ukingo ule ndiko watu hupanda kuomba na kufunga. Nilijua. Nimekulia Bahati, shangazi zangu wamepanda huko mara nyingi kuliko walivyokwenda hospitali. Lakini siku hiyo kichwa kilikuwa na namba kumi tu, hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Nikafumba macho, maana sauti za mbali husikika vizuri ukifumba, nikashika sikio kwa mkono mmoja, nikaanza kuyumba kidogo, mbele na nyuma (tabia yangu mbaya), nikaita. Herufi za kuitia ulimwenguni kote ni C na Q, na kwa ulimi wa nyumbani kwetu zinakuwa "sikyu, sikyu, sikyu," na upepo wa Menengai ukizichukua hatua kumi tu zinafika zikiwa "sikia, sikia, sikia." Halafu linafuata jina langu la hewani, ambalo sitaliandika lote hapa, lakini lina Zulu ndani yake na linaishia na Whisky.

Jiwekeni katika nafasi ya mtu anayepanda mlima kuomba. Anamkuta msichana amejifunga kitambaa cheupe kichwani, macho ameyafumba, anayumba, analia mbele ya kreta: "Sikia, sikia, sikia! Zulu! Whisky! Kuna anayenisikia?" Kisha ananyamaza kwa heshima kama anayejibiwa, anatabasamu, anaandika.

Ungesema nini wewe? Ungesema amina.

Nilipofumbua jicho moja walikuwa wanane, wamepiga magoti kwenye changarawe, akina mama waliofunga leso viunoni, mzee mmoja mwenye koti kubwa, na mbele yao mama mnene mwenye uso mpole ambaye baadaye nilimjua kama Mama Salome.

"Endelea, mtumishi," akaninong'oneza. "Sisi tunakuunga mkono tu."

Na wakati huohuo, sikioni, Mwitaliano alikuwa ananiita. Kitabuni nilikuwa na saba. Nikisimama kueleza, Mwitaliano ataondoka. Kwa hiyo nikainua kidole kimoja, kuwaambia ngojeni.

"Ameonyesha juu," akasema mzee.

"Juu!" wakaitikia wote.

Dada mmoja mwenye sweta ya kijani akamnong'oneza Mama Salome, na wallahi nilisikia kila neno: "Lakini mathe, si amesema whisky?"

"Huko ni kunena kwa lugha, Nancy. Wacha kutafsiri."

Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikaziba maikrofoni kwa kiganja. Mama Salome akadhani nimemaliza, akasogea kwa magoti. "Mtumishi, umepewa nini?"

Ningeweza kusema ukweli pale. Macho yangu yalikuwa kwenye kitabu, akili yangu iko Italia, na mdomo ukajibu wenyewe: "Saba."

"Saba!" Mlima mzima ulitetemeka. Mzee akavua kofia.

"Zimebaki tatu," nikaongeza, nikidhani nafafanua.

Kisha mzee akasema polepole, kama hakimu, "Siku tatu. Si niliwaambia tusivunje mfungo leo?"

"Woi, mzee," akalia Nancy, "siku tatu tena? Si tulikubaliana saa sita mchana tunakula?"

"Umesikia neno kwa masikio yako mwenyewe."

Ndugu zangu, nilisikia tumbo la mtu likinguruma, na tumbo lile ndilo lililonihukumu, maana nilielewa kwamba watu wanane wako karibu kulala njaa siku tatu kwa sababu ya Mwitaliano wangu. Na bado nikamjibu Mwitaliano. Nikaandika nane. Halafu akaja mwanamke wa Afrika Kusini, akaniuliza hiyo kwaya nyuma yangu ni ya kanisa gani, nikamwambia ni upepo, nikaandika tisa. (Mpaka leo nikimkumbuka mama yule wa watu najiona mwongo wa kimataifa.)

Hapo ndipo Baba alipotokea vichakani, chupa ya chai mkono huu, sufuria ya viazi vya kuchemsha mkono huu, akipaza sauti kama yuko soko la Molo:

"Nyambura! Umepata Wazungu wangapi?"

Macho kumi na sita yakafumbuka.

"Hamjambo, hamjambo," Baba akasema. "Huyu msichana anawasumbua na redio yake?"

"Redio?" akauliza Mama Salome.

Nikafungua kitambaa. Hedifoni zikatokea, kubwa, nyeusi, upande mmoja umefungwa kwa selotepu, na waya wake ukaingia kiondoni mbele ya macho ya kila mtu.

"Kwa hivyo zile tatu..." mzee akaanza.

"Ni watu, mzee. Nilikuwa natafuta watu kumi wa kuongea nao. Walikuwa wamebaki watu watatu. Naomba msamaha. Msifunge kwa ajili yangu, tafadhali, kuleni leo kama mlivyopanga."

"Na whisky?"

"Ni herufi. Ni W."

"W!" Nancy akaanguka kando, akacheka mpaka leso ikamfunguka, na akina mama wengine wakaanza kushika vinywa, lakini Mama Salome hakucheka, alinitazama tu, na chini ya macho yale nilijisikia mdogo kuliko punje ya njegere. Niliinama, nikachomoa betri, nikaanza kukunja waya haraka haraka ili niondoke kabla machozi hayajaonekana.

"Umebakisha wangapi?" akauliza.

"Mmoja, mama."

"Na sasa unafanya nini?"

"Nafunga."

"Hapa kila mtu anafunga," akasema Baba, akijichekesha mwenyewe.

Mama Salome akasimama, akajipangusa magoti. "Wewe huwezi kufunga. Anayefunga ni mimi, leo ni siku yangu ya tatu, na mimi sijawahi kushuka mlima huu kabla ya kungoja jibu langu mpaka saa niliyoweka. Saa sita haijafika. Tundika hiyo kamba yako."

"Mama, nimewadanganya."

"Ndiyo, umetudanganya, na utatuomba msamaha vizuri ukimaliza. Tundika."

Nikatundika. Baba akanishikia tawi, nikarudisha betri. Nikachomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika, maana niliona sina haki tena ya kusikia kitu peke yangu pale, na nikaita, safari hii kwa sauti ya aibu, na hakuna aliyejibu. Nikaita tena. Spika ikatoa ule mlio wa anga, kama mchanga ukimiminwa juu ya bati. Kwa kawaida watu wakiusikia mlio huo huchoka baada ya dakika mbili, huanza kuuliza maswali, hutoa simu. Wale hawakutikisika. Walikaa kwenye changarawe na njaa yao, vichwa vimeinama, wakisikiliza ule mchanga kama waliozaliwa kwa kazi hiyo, na mimi nikawatazama, nikaelewa kwamba sijawahi kukutana na waendeshaji wa redio kama wale, watu wanaojua kumwita asiyeonekana na kungoja bila kununa.

Saa sita kasoro kidogo, chini kabisa ya mlio, nyembamba kama uzi, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Nyamazeni," akasema mzee, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikapata nusu ya jina lake, upepo ukala nusu nyingine. Ningeweza kubuni hizo herufi mbili, hakuna ambaye angejua, lakini siku hiyo nilikuwa nimemaliza uongo wangu wote. Nikamwomba arudie tena, na tena, na mara ya nne Nancy akasema, "Tango. Amesema Tango," na kweli alikuwa amesema Tango, yaani T.

"Ni nani?" Mama Salome akauliza.

"Ni mtu wa Australia. Yuko kwenye hifadhi kama mimi, karibu na kisima cha mawe cha zamani. Anasema jua linakaribia kuzama kwao, na ametundika waya wake kwenye mkaratusi."

"Mkaratusi kama huu?"

"Kama huu. Anasema kwao ndiko ulikotoka."

Wote wakainua macho wakautazama ule mti kana kwamba umeingia sasa hivi.

"Na anasema nini tena?"

"Anasema ananisikia vizuri."

Baba, yule wa simu imeenda wapi, akaweka sufuria chini. "Mwambie hapa kuna upepo," akasema. "Mwambie tuko watu kumi. Mwambie Nakuru." Nikamwambia yote, nikaandika kumi kitabuni, na nyuma yangu wakasema amina, na safari hii walijua wanaitikia nini.

Niliomba msamaha vizuri, kwa magoti, kama nilivyoahidi. Mzee aliuombea ule mfungo ukafunguliwa kwa viazi vya Molo na chai, na sufuria haikutosha lakini hakuna aliyelalamika. Sijawahi kuona haya namna ile maishani mwangu, na sijawahi kujivunia watu wa kwetu namna ile, na yote mawili yalinipata kabla ya saa saba mchana.

Tangu hapo nimejiwekea sheria: kabla sijatundika waya, popote pale, nazunguka kwanza, nawasalimia waliopo, nawaambia nimekuja kufanya nini, hata kama anga imefunguka na dunia nzima inaniita. Na kichwani sifungi kitu.

Jumatatu nikapeleka kitabu klabuni. Katibu wetu, Bwana Langat, ni mtu wa miwani na rula, hasomi kitabu cha mtu bila kutafuta kosa. Alipita mstari kwa mstari, akafika wa tisa, akasimama. "Huyu mama wa Afrika Kusini ametutumia uthibitisho wake, na ameandika kwamba alisikia kwaya. Ulikuwa na watu?"

Nikamweleza kila kitu, pamoja na saba, pamoja na tatu, pamoja na Whisky, pamoja na Nancy na Tango yake. Hakucheka. Alitia sahihi yake ndogo iliyonyooka, akasukuma sanduku la redio juu ya meza mpaka likanigusa tumbo, akasema, "Mwezi mmoja. Na huyo Nancy mwambie tuna darasa la wageni Jumamosi."

Nikalibeba kifuani kwa mikono miwili, nikamwona anavua miwani na mabega yanaanza kumtikisika, nikamwachia nafasi acheke kwa heshima yake, nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.