Mfupa Ambao Hatuuandiki

Nawajua watu wa Bunia kwa ndani kuliko kwa nje. Mtu akinipita njiani mtaani Saio simtambui, lakini nipe karatasi zake za hospitali nitakueleza ni ubavu gani uliovunjika na kama ulitoboa pafu. Ndiyo kazi yangu. Naketi katika chumba kimoja nyuma ya wodi ya upasuaji, nasoma mafaili ya majeruhi, na kila jeraha nalipatia namba. Tarakimu za mwanzo zinataja sehemu ya mwili: kichwa, kifua, tumbo, paja. Ya mwisho inasema ukali, kuanzia moja ambayo ni mkwaruzo, hadi sita ambayo hatutegemei mtu apone. Kisha naingiza yote kwenye kompyuta, na mtu anakuwa mstari mmoja.

Zamani nilikuwa muuguzi. Magoti yaliponigomea wakanileta huku, na mwenzangu wa meza ya pili alipostaafu hakuletwa mwingine. Watoto wangu wako mbali, wananikumbuka sikukuu. Mume wangu nilimzika kabla hajaota mvi. Nyumbani, mtaa wa Bigo, nina viti vinne na natumia kimoja. Kuna siku jioni ilifika nikiwa nimetamka "bonjour" tu, tena kwa mlinzi aliyekuwa ameziba masikio kwa muziki wake. Nilikuwa mpweke, sitii chumvi, na upweke ule ulinitia hasira. Mtu mwenye hasira na asiye na wa kumgombeza hugeuka kuwa mkali wa kanuni.

Kanuni zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza: usiandike jambo ambalo halijathibitishwa. Daktari akiandika kwamba huenda bandama imepasuka, siiandiki bandama hiyo mpaka nione picha au karatasi ya upasuaji. Ya pili: jeraha la zamani haliandikwi. Tunaandika kilichomleta mtu hospitali leo, si kilichompata utotoni. Wanafunzi waliokosea hapo niliwafokea mpaka wakawa wanapita mlango wangu kwa kunyata.

Jumatatu moja mwanamke alisimama kwenye dirisha langu, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ametoka kwa miguu kambi ya waliokimbia mapigano ya Djugu.

"Mama, banasema weye njo unachunga majina ya batu yote benye balileta huku na vidonda."

"Benye majina na benye habana," nikamjibu. "Unatafuta nani?"

Alikuwa anamtafuta mumewe. Siku waliyokimbia, mume alibaki nyuma avune maharagwe yaliyokuwa yamekauka shambani, akasema atawafuata kesho yake. Hakuonekana tena. Sasa ndugu zake walikuwa wamechoka kungoja, wamepanga matanga Jumamosi ile.

"Banasema nikae chini, nilie. Mama, namna gani nitalilia muntu mwenye angali anapumua? Ni kumuzika na mikono yangu. Lakini kama alikufa, na miye sijamulilia, ile njo mubaya kupita. Unisaidie nijue tu."

Nikamuuliza kama alikuwa na alama. Akaingiza mkono kati ya nondo za dirisha, akanigusa mimi, upande wa kushoto, juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya shingo kwenda begani.

"Hapa. Aliangukaka na kinga, ile baiskeli yake, akingali kijana. Mufupa ikashikana mubaya, ikabakia kifundo. Njo pale nilikuwa naweka kichwa."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Ukiondoa kupeana mikono kanisani, sikumbuki ni lini kabla ya hapo mtu alinigusa. Nilichelewa kugeukia kompyuta.

Jina la mumewe halikuwemo, basi nikatafuta wanaume wote walioletwa bila jina tangu siku ile aliyoniambia. Kisha nikatafuta mtulinga. Kompyuta ikaleta ukurasa mweupe.

"Haiko humu," nikamwambia, tena kwa kujidai. "Na mashini haidanganyake."

Akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Aksanti, mama. Basi iko muzima. Nitabaambia bafunge ile matanga yao." Akaenda zake, anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Jioni nilikuwa namenya viazi, viwili, maana huwa namenya viwili. Mkono ukapanda wenyewe mpaka pale aliponigusa. Kifundo, alisema. Mfupa uliokwisha kushikana. Mfupa wa zamani. Na wa zamani hatuuandiki.

Nikaviacha viazi mezani. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, na safari hii aliyemfanya asiwepo ni mimi.

Asubuhi niliyateremsha makasha ya karatasi kutoka kwenye rafu, magoti yakilalamika, nikasoma faili moja moja la watu wasio na majina. Lilikuwa kwenye kasha la tatu. Mwanamume, hajulikani, ameletwa wiki ileile waliyokimbia. Jeraha la kichwa. Paja la kulia limevunjika. Chini ya picha ya kifua daktari alikuwa ameandika: mbavu nzima, mtulinga wa kushoto una mvunjiko wa zamani, umeungana vibaya. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe: "Wa zamani. Acha."

Nililikumbuka faili lile. Nililipenda, kwa sababu namba zake zilikaa vizuri, hakuna cha kubishania. Aliishi siku kumi na moja bila kusema neno, akafa, akazikwa kwenye kaburi lenye namba. Mahali pa kuandika msindikizaji, yaani ndugu wa kukaa na mgonjwa, muuguzi ameandika: hakuna. Nikatazama namba ya kitanda. Kilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Kwa siku kumi na moja tulikaa hivyo, yeye peke yake na mimi peke yangu, tofali moja katikati, na mimi nikilalamika kwamba sina mtu.

Nikakodi pikipiki hadi kambini. Nilimkuta anasugua sufuria kwa majivu mbele ya hema lake. Aliponiona akaiweka chini polepole. Nilimweleza kichwa, paja, kifundo, siku kumi na moja, kaburi. Alisikiliza yote, halafu akauliza jambo moja tu.

"Nani alikuwa naye?"

Faili linasema hakuna. Hilo ndilo lililothibitishwa, na mimi ni mtu wa lililothibitishwa.

"Miye," nikasema. "Nilikuwa karibu yake."

Hapo ndipo alipolia. Alinikumbatia, akaweka kichwa palepale alipokuwa amenigusa, na kilio chake nilikisikia kikinitetemesha mfupa.

Jumamosi alituma mtu kuniita. Nilikuta mkeka umetandikwa, wanawake wamejaa, na mimi nikaketishwa katikati yao, mkono wa kuume wa mfiwa. "Huyu njo mama mwenye alimukamata mukono mupaka mwisho," aliwaambia. Mkono sikuwa nimeutaja. Shemeji yake mkubwa, yuleyule aliyepanga matanga, alikuja kuinama mbele yangu, akanishukuru kwa niaba ya ukoo. Mwingine akauliza kama marehemu aliteseka. Nikasema alitulia. Hilo pia halikuandikwa popote.

Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Niliona furaha pia, nalisema wazi, maana miaka mingi ilikuwa imepita tangu niketi nimebanwa mabega huku na huku na watu wanaotaka nikae. Mpaka leo sijamwambia ukweli. Waliniletea chai ya maziwa kabla ya wazee. Niliinywa yote, na walipoleta tena sikukataa.