Tarehe Iliyo kwenye Kadi ya Mtoto

Mama mkwe wangu alipiga pasi miaka kumi na tisa katika kampuni ya kufua mashuka ya hoteli na hospitali. Kule kila furushi hubandikwa kikaratasi cha tarehe, na si tarehe liliyoingia, ni ile litakayotoka. "Ya kuingia haina kazi," husema wenyewe. Nayaeleza haya mapema kwa sababu hesabu hiyo nusura itumalize.

Siku niliyojifungua binti yangu, kifuniko cha mashine ya pasi ya mvuke kilimwangukia mama mkono wa kulia. Komeo lake lilikuwa limekatika wiki nzima, na mama mwenyewe alishamwambia meneja. Tukalala hospitali moja, mimi wodi ya wazazi, yeye wodi ya walioungua. Nesi alipompelekea mjukuu, alimpokea kwa mkono wa kushoto akamwambia, "Karibu, mke mwenzangu. Umenikuta nimefungwa kama furushi."

Alitoka baada ya miezi minne. Vidole havikunjiki tena. Hata kifungo cha gauni lake namfungia mimi.

Yule meneja, wafanyakazi walimpa jina la Bwana Kesho. Kila mama alipokwenda kudai fidia ya mkono wake, aliambiwa, "Mama, sisi ni familia. Ya nyumbani hayapelekwi mahakamani. Tuko kwenye mazungumzo." Kisha anapewa vipande viwili vya sabuni, arudi mwezi ujao.

"Mtu hana vidole vya kufulia, anapewa sabuni!" mama alikuwa akisema, tunacheka. Lakini sabuni tuliitumia, na miaka ikapita.

Mwezi huu, tarehe sita, alirudi uso unang'aa. "Mkwe wangu, safari hii nimeitwa na wakubwa wenyewe. Tarehe kumi na tisa."

Nilikuwa namtayarisha mtoto kwenda kliniki, kadi yake iko mapajani. Nikaitazama. Binti yangu anatimiza miaka mitatu tarehe kumi na saba. Mwezi uliotangulia, pale pale kliniki, alikuja dada mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, akatuambia kinamama kwamba dai la mtu aliyeumizwa lina umri wake, na hapa kwetu ni miaka mitatu.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini wasikuite tarehe kumi na sita?"

"Usinitie presha, mwanangu. Mimi nilitoka hospitali mwezi wa tisa. Bado nina miezi minne mizima."

Sikubishana naye. Nilimbeba mtoto, nikachukua kadi, nikamwomba anisindikize tu.

Ofisi ile ni chumba kimoja, meza mbili, na feni inayolia kuliko inavyopuliza. Yule dada alimsikiliza mama mpaka mwisho, akauliza, "Uliumia lini?"

"Nilitoka mwezi wa..."

"Sikuulizi kutoka, mama yangu. Kuumia."

Nikaiweka kadi mezani. Yeye akaisoma tarehe, akahesabu kwa kalamu. "Zimebaki siku kumi na moja."

"Kwetu furushi huhesabiwa siku ya kutoka," mama akasema, sauti imepungua.

"Sheria huhesabu tangu siku shuka lilipochafuka. Na mazungumzo hayasimamishi siku, hata mkizungumza miaka kumi. Kinachosimamisha ni hati ya madai kupokelewa mahakamani. Ukifika tarehe kumi na tisa, watakukaribisha vizuri, kisha watakwambia umechelewa."

Nilimwona mama anautazama mkono wake, anauinua kidogo, anaulaza. Halafu akaniambia, "Nipigie Bwana Kesho."

Nikapiga kwa simu yake, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama! Hujasahau miadi yetu?"

"Marahaba. Sitakuja."

"Aa, mama, usituharibie. Sisi ni familia..."

"Familia yangu ninayo hapa, imebeba mtoto. Mimi nimenyoosha mashuka yenu miaka kumi na tisa, kijana. Kuninyoosha mimi, hamuwezi. Na ile sabuni, ahsante, imetakatisha."

Akanionyesha kwa kidevu nikate simu. Yule dada alikuwa ameinama anacheka kimyakimya.

Hati ilichukua siku tano kuandikwa, maana dada alitaka barua ya daktari na jina la mfanyakazi mmoja aliyemsikia mama akimwambia meneja habari ya komeo. Wawili walikataa, wanaogopa kufukuzwa. Wa tatu, mama mmoja mkunja mashuka, alisema, "Andika langu. Kesho inaweza kuwa mkono wangu."

Tarehe kumi na mbili tulikuwa kwenye dirisha la masijala ya mahakama kabla halijafunguliwa. Karani akapekua karatasi, akasukuma kidau cha wino. "Kalamu huwezi? Basi dole gumba, mama. La kushoto linatosha."

Mama akachovya la kulia.

"Hilo halitatoa mistari," karani akasema.

"Najua."

Akaligandamiza. Likatoka doa jeusi, laini, halina mstari hata mmoja.

"La kushoto halikuungua," mama akamwambia. "Hakimu aanze kusoma hapo. Sasa nikupe na la kushoto, uridhike."

Karani akamtazama, akatazama doa, akagonga muhuri. Niliinama kusoma tarehe yake, kumi na mbili, na mtoto akaunyooshea kidole kama anayeujua kutoka kwenye kadi yake.