Gari la Shemeji na Mchanga wa Mtoni

Shemeji yangu aliniazima gari lake jeusi nimpeleke mama hospitalini Alupe. "Likirudi vizuri," aliniambia, "utakuwa unalichukua kila Jumamosi." Kwa kijana aliyependa barabara kuliko chakula, hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

Baada ya kumrudisha mama nyumbani, gari lilikuwa jekundu kwa vumbi. Nikalipeleka kwa waosha magari wa pale mtoni Malaba, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, ubavu mzima wa kushoto ulikuwa umefifia kama sahani kuukuu ya bati. Mwoshaji, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amechuchumaa na gunzi la mahindi na mchanga wa mto.

"Umefanya nini, mzee?"

"Sabuni peke yake haitoi hii vumbi, bosi."

"Hili ni gari, si sufuria!"

"Na sufuria za kwangu zinang'aa," alijibu kwa fahari. "Uliacha gari ikiwa chafu. Sasa angalia!"

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani alinihurumia.

"Basi usijali, bosi. Wacha nisugue na huu upande mwingine, zifanane. Hiyo ni bure."

Nilimpokonya gunzi nikalitupa mtoni.

Shemeji alilizunguka gari lake mara moja, akapitisha kidole ubavuni, kisha akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Tangu siku hiyo nimezunguka sana, lakini kwa malori ya watu.