Binti Aliyeogopa Kujisifu

Mungu anisamehe, juzi nilitegea sikio mazungumzo yasiyonihusu. Mgahawani hapa Makambako, binti aliyemaliza chuo alikuwa akisubiri simu ya usaili wa kazi yake ya kwanza, ya kutengeneza programu za kompyuta. Shangazi yake akajifanya bosi ili amfanyishe mazoezi.

"Umewahi kutengeneza nini?"

Binti akainamisha kichwa, kama tulivyolelewa huku. "Nabahatisha tu, shangazi. Kaprogramu kadogo."

"Kadogo! Si ndiko kanakowaambia wakulima wa Lupembe lori la majani ya chai limefika wapi?"

"Sasa nikisema hivyo si najisifu?"

"Kusema kweli si kujisifu. Inua uso!"

Simu ikaita. Binti akasimama. "Nimeitengeneza mwenyewe," alisema akiwa ameinua uso, "na wakulima wanaitumia." Akaeleza mpaka chai yake ikapoa.

Alipokata simu akageuka. "Shangazi, nimepita! Wananiita ofisini Njombe!"

"Bwana asifiwe," shangazi akasema, akaketi kama aliyetua mzigo wa kuni. Hata mimi nilishusha pumzi.

Nakiri, mimi ningemsifu kwa kuinama kule. Ndugu msomaji, mwanao akikuonyesha alichotengeneza, naomba usimwambie anaringa. Mwulize kinafanyaje kazi.